Nataka kumnunulia Mzee sabufa ya sebuleni, bajeti laki mbili na nusu. Wajuzi nisaidieni

Mwana_wa_Mto

Wakuu, habari za jioni.

Niende moja kwa moja kwenye mada. Mzee wangu anaishi Pangani, ana miaka 74, mwalimu mstaafu. Tangu naanza darasa la kwanza pale nyumbani kuna redio ya kaseti ya National Panasonic, ile ndefu yenye spika mbili na mpini juu. Upande wa kaseti ulishakufa miaka mingi. Sasa hivi hata redio yenyewe mpaka uishike antena kwa mkono ndiyo iongee.

Juzi nilienda kumsalimia nikamkuta barazani kwenye mkeka, mkono wa kushoto kaushikilia kwenye antena, anasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ukichoka ule anaweka wa kulia. Nilicheka, halafu nikaona aibu. Watoto wanne tuna kazi zetu, baba anageuzwa mlingoti.

Mimi na dada yangu wa Tanga mjini tumechanga, tuna 250,000. Nimepita Kariakoo nikaona sabufa moja kali, spika tatu, taa zinacheza rangi rangi, boksini imeandikwa wati 12,000. Muuzaji anataka 230,000. Kabla sijalipa nimeona nipite hapa. Nichukue? Au kuna kitu bora kwa hela hiyo?

NB: nilipendekeza ile redio ya zamani tuitupe, mzee akaninyamazia siku nzima. Kwa hiyo hiyo haipo mezani.

Kobe_Mwepesi

Nimeweka kigoda hapa nasubiri wajuzi. Na mimi nina mama mkwe wa kumfurahisha mwisho wa mwezi.

Chuma_Chakavu

Chukua hiyo ya wati 12,000 mkuu, usiulize mara mbili. Besi ikidondoka Pangani, Bweni ng'ambo ya mto watajua kuna nyumba mtoto kakumbuka kwao. Mzee kafundisha watoto wa watu miaka mingapi? Mpe heshima yake.

mama_Zai

Mleta uzi, ngoja nikupe yaliyonikuta.

Mwaka juzi nilimpelekea mama yangu dude la hivyo hivyo, taa na kila kitu. Siku ya kwanza vigelegele, majirani wamejaa. Mwezi wa tatu nikaenda kusalimia, sebuleni halipo. Nauliza, naambiwa liko chumbani kwa Ima, mpwa wangu, kidato cha tatu. Mama amerudi kwenye kiredio chake cha betri anachokiweka chini ya mto. Nikamuuliza, mama mbona umenyang'anywa? Akasema, "Mwanangu, lile likiwashwa linapiga kelele, yule mwanamke anasema maneno yake ya Kizungu, mimi sijui nibonyeze wapi anyamaze."

Yule mwanamke ni ile sauti ya Bluetooth. Kila ukiwasha lazima asalimie kwa sauti kubwa kuliko hata muziki wenyewe. Umeme ukikatika ukarudi saa tisa usiku, anasalimia pia. Mama aliruka kitandani siku hiyo akidhani kaingiliwa.

Kwa hiyo ukienda dukani fanya hivi: mwambie muuzaji aweke kwenye redio, atafute stesheni, halafu zima ukutani kwenye soketi. Washa tena. Ikirudi palepale kwenye stesheni yako, hiyo ni ya mzee. Ikirudi kwenye Bluetooth, maana yake kila umeme ukikatika mzee wako atafute kitufe cha MODE akibonyeze mara tatu gizani. Hatabonyeza. Atamwita mjukuu, na hapo ndipo dude linapoanza safari ya kuelekea chumbani kwa mjukuu.

Kobe_Mwepesi

Hiyo ya kuzima ukutani nimeiandika pembeni. Asante shangazi.

Fundi_Koili

Mleta uzi, haya madude nayafungua kila siku, huu mwaka wa 19, nitasema niliyoyaona mezani kwangu.

Kwanza hizo wati 12,000 zifute kichwani. Angalia vizuri boksi, pembeni kwa herufi ndogo pameandikwa PMPO. PMPO haina kanuni inayoibana, kila mwenye kiwanda anaandika namba iliyomkaa moyoni. Wati za kweli zinaitwa RMS na mara nyingi boksini hazipo, ziko kwenye kitabu, kama kitabu chenyewe kipo. Njia ya mkato ni kugeuza sabufa na kusoma kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani. Kikisema wati 40, basi hata ufanyeje haiwezi kukaa inatoa sauti ya zaidi ya hizo 40. Ng'ombe hali debe moja akakamuliwa pipa. Nyingine zinatumia adapta ya nje, 12V 2A. Zidisha mwenyewe, ni wati 24, na hapo bado hujatoa zinazopotea kwa joto.

Sasa usihuzunike, 24 kwa sebule ni nyingi. Watu hawajui kwamba ukiongeza wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, sikio linaona imeongezeka kidogo. Ili sikio likubali kuwa hii ni mara mbili ya ile unahitaji wati karibu mara kumi. Ndiyo maana kutoka wati 20 kwenda 40 unalipa hela nyingi kwa tofauti utakayoisahau kesho yake.

Jambo kubwa ni masikio ya mzee. Umri ukienda, sauti nyembamba ndizo zinazoaga kwanza. Na maneno yetu yanabebwa na hizo hizo: s, sh, f, t. Mzee anasikia kabisa kuwa mtangazaji anaongea, ila haelewi anachosema. "Sita" kwake inafika "ita". Anachofanya ni kuongeza sauti. Kwenye hizi sabufa za taa ukiongeza sauti kinachopanda ni besi, besi inazidi kuifunika ile s, mzee anaongeza tena. Jirani anakuja kulalamika, na mzee bado hajajua tozo imepanda au imeshuka.

Nimeshaletewa sabufa "mbovu" na mtoto wa mteja, anasema baba anadai haisemi vizuri. Nikaipima, nzima kabisa. Nikashusha besi mpaka mwisho, nikapandisha trebo, yaani zile sauti nyembamba, nikamwambia rudisha kwa baba. Sikumtoza hata mia. Hakurudi.

Kabla hujanunua chochote nijibu: mzee anasikiliza nini hasa? Sebule ina ukubwa gani? Umeme wa kwenu ukoje? Na simu yake ni ya aina gani?

Mwana_wa_Mto

Daah, asanteni. Fundi, majibu haya hapa.

Taarifa ya habari ya TBC Taifa hakosi. Mpira. Pangani FM kwa mambo ya mjini kwake. Ijumaa na Ramadhani mawaidha na kasida. Jioni akiwa na raha anataka zilipendwa, Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, na taarabu ya zamani, ile ya kukaa umetulia. Ana kaseti kama 30 hivi kwenye boksi la viatu, hazijapigwa tangu mashine ife.

Sebule ni kama mita 4 kwa 3 na nusu. Umeme wa TANESCO upo ila unakatika na ukirudi unarudi kwa nguvu, tumeshaunguza friji moja. Simu yake ni ya kitochi, haina Bluetooth wala hataki kusikia.

Chuma_Chakavu

Mzee wa kaseti mnamtafutia sabufa? Mnunulieni gramafoni kabisa.

Bint_Vuga

Wa Pangani, salamu kutoka Unguja. Kama baba anapenda taarabu ya kukaa kitako, usimpelekee hilo dude la besi, utamuudhi bure. Taarabu ile kuna fidla tano sita zinakwenda pamoja, kuna ganuni, kuna nai, kuna akodiani, na besi lake ni la kuvuta taratibu. Ukilipigia kwenye sabufa, ganuni inapotea yote, unabaki na dum dum kama mtu anatwanga. Babu yangu alikuwa akienda mazoezini Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kipo tangu 1905, akisema taarabu ukiisikia ukutani kwa jirani kabla hujaisikia sikioni mwako, hiyo si taarabu.

Mimi ningekushauri mtumba. Huku kwetu zinashuka zile stirio za Sony, Kenwood, Technics, za wenyewe waliozitunza. Spika mbili za mbao, inapiga kaseti, sidii na redio. Kwa laki mbili unapata kitu kitakachomzika babu na mjukuu.

Fundi_Koili

Bint_Vuga kasema kweli kuhusu taarabu, na mtumba mzuri unaushinda mpya wa bei hiyo, hilo silibishi. Lakini mleta uzi kuwa makini, kuna mitego miwili.

Mtumba wa Japani unakula volti 100. Ukiuchomeka kwenye 230 yetu, moshi. Lazima ununue transfoma ya kushusha, na siku mtoto akiichomeka moja kwa moja ukutani biashara imeisha. Halafu redio yake: kule FM yao inaanzia 76 na zamani iliishia 90, sisi yetu inakwenda mpaka 108. Wenye magari kutoka Japani wanaijua hii adha. Mzee atapata stesheni mbili na mchakacho. Geuza nyuma usome. Ikiwa imeandikwa 220-240V na FM 87.5-108, zungumza bei. Ikiwa 100V, shukuru uondoke.

Mtego wa pili ni taa ya kusomea sidii na mipira ya kaseti, vyote ni vya kuzeeka, na spea unazitafuta kwa tochi. Kwa mtu anayekaa Dar karibu na mafundi sawa. Pangani? Na chumvi ile ya bahari?

Mpwani254

Niko Mombasa hapa, uzi umenifikia na mimi. Nyinyi mwaziita sabufa, sisi twaziita wufa, ila ugonjwa ni mmoja. Mimi nilinunua Luthuli Avenue nilipokuwa Nairobi, nikabeba kwa basi usiku kucha nimeipakata kama mtoto. Kufika nyumbani FM haishiki stesheni hata moja. Kumbe antena yake ni kijiwaya tu kimening'inia nyuma, urefu wa penseli. Huko Nairobi minara iko karibu ikashika, nyumbani kwa mama Kilifi ndani ndani ikakataa.

Jaribu redio yake ukiwa ndani kabisa ya duka, si pale mlangoni.

Fundi_Koili

Mpwani254, hicho kijiwaya kina dawa. Chukua waya wa kawaida wa sentimita 75, menya ncha, unganisha na hicho kijiwaya, uupandishe wima ukutani karibu na dirisha. Kwa nini 75? Wimbi la FM kwenye 100 MHz lina urefu wa mita 3, antena nzuri ni robo yake. Usiusokote, usiufiche nyuma ya kabati la vyombo. Hela yake haifiki hata ya soda.

Sema_Usiogope

Nyie watu mnapenda kujichosha. Mpe mzee hiyo laki mbili na nusu mkononi aamue mwenyewe. Anaweza kuwa anataka mbuzi.

mama_Zai

Ukimpa mkononi atamlipia mjukuu ada. Wazee wote ni hivyo, ukitaka wapate kitu chao mpelekee kitu.

Sema_Usiogope

Hapo umenipata.

Mwana_wa_Mto

MREJESHO WA KWANZA.

Leo nilitoroka kazini saa nane nikaenda Kariakoo. Nilijiandaa. Niliweka kwenye flashi vitu vitatu: dakika tano za taarifa ya habari nilizorekodi kwa simu, wimbo mmoja wa Mbaraka, na taarabu moja ya fidla nyingi.

Sijafika hata katikati ya mtaa wa Aggrey winga kashanidaka. "Bosi unatafuta nini, sabufa? Nakupeleka kwa bei ya kiwandani." Nikamfuata nikijua fika kamisheni yake iko juu ya mgongo wangu. Duka la kwanza ndiko ile ya wati 12,000 ilipo. Nikaigeuza nyuma kama Fundi alivyosema. Kibandiko: wati 45. Nikamwonyesha muuzaji, akanijibu, "Hiyo ni ya umeme, bosi, 12,000 ni ya sauti." Sikuwa na la kusema.

Nikachomeka flashi. Kwenye Mbaraka ilipiga vizuri, sitasema uongo, mpaka winga alianza kutikisa kichwa. Nikaweka taarifa ya habari. Mtangazaji yuko ndani ya pipa. Nikaomba washushe besi, muuzaji akatafuta kwenye rimoti dakika nzima, kwenye mashine yenyewe kitufe cha besi hakuna. Ilipofika sifuri, sauti ikawa nyembamba kama ya simu. Maana zile spika ndogo mbili ni maganda tu, ukibisha hodi kwa kidole zinalia kama ndoo. Nikazima ukutani, nikawasha. Yule mwanamke wa mama_Zai akasalimia duka zima. Nilicheka peke yangu.

Duka la pili hata sisimulii, hawakuruhusu kujaribu. "Ukifungua boksi umenunua."

La tatu nililipata mwenyewe baada ya kumkimbia winga, uchochoroni, baba mmoja wa makamo anauza amplifaya za misikitini na makanisani. Nikamweleza, mzee wa miaka 74, habari na taarabu. Hakunionyesha sabufa. Alishusha kutoka juu spika mbili za mbao, kila moja kama boksi la viatu la mtu mzima, hazina taa hata moja. Amplifaya imo ndani ya ile ya kulia. Ubavuni zina vifundo vitatu vya kuzungusha: sauti, besi, trebo. Nyuma kuna matundu mekundu na meupe ya kuingizia waya, mbele tundu la flashi, ina FM na Bluetooth. Jina ni la Kichina, muuzaji mwenyewe kila alipolitaja alilitamka tofauti. Kibandiko: wati 50. Nikabisha hodi, inajibu kama mlango.

Taarifa ya habari ilipoanza nikasimama. Nilisikia mpaka mtangazaji anapofunua karatasi. Nikazima ukutani, nikawasha, ikarudi kwenye FM kimya kimya. Alisema 165,000, tukaishia 150,000 na risiti ya waranti ya mwaka. Kasoro mbili: rimoti yake ni ile ya kadi, vitufe kama punje za mchele, na stesheni unazitafuta kwa kitufe, hakuna mshale wa kuzungusha.

Nimebakiwa na laki moja. Nifanyeje nayo?

Bint_Vuga

Umechagua. Hata kama si Sony, umechagua.

mama_Zai

Rimoti ifiche kabatini, vifundo anavyo. Kile kitufe cha kubadilisha stesheni kitie rangi ya kucha nyekundu, tone moja. Mama yangu ndivyo anavyotumia rimoti ya king'amuzi.

Na umwambie mapema asiifunike kitambaa cha kufuma! Mama zetu na baba zetu kila kifaa kipya lazima kivishwe. Ile ya kulia yenye amplifaya ikifunikwa nyuma inapika.

Fundi_Koili

Hongera mkuu. Laki yako igawe hivi. Nunua kilinda umeme, kama vile vya friji, kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuruhusu. Kwa Pangani hicho ni cha lazima. Flashi iwe ndogo, GB 16 au 32, na uiformati FAT32 (ni mpangilio wa faili, unauchagua kwenye kompyuta), kubwa zaidi ya hapo mashine nyingi za bei hii zinaigomea. Umeme usikutie hofu: hata ikila wati 50 kamili kwa saa 6 kila siku ni uniti 9 kwa mwezi, na kwa sauti ya mzee haitafika nusu ya hapo.

Sasa nisikilize. Hayo matundu mekundu na meupe ndiyo yaliyonifurahisha. Ile National ya mzee ina tundu la hedifoni? Zile ndefu nyingi zinalo. Mashine hiyo haijafa, nakuhakikishia. Kaseti ikiacha kuzunguka, mara tisa kati ya kumi ni mkanda wa mpira wa ndani umelegea au umeyeyuka. Hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, inasafishwa kwa pamba na spiriti. Na antena ya kushika kwa mkono ni waya umekatika pale chini kwenye shina, tone moja la solda. Fundi yeyote wa zamani anayejua redio atamaliza mchana mmoja. Halafu waya wa hedifoni kwenda kwenye spika mpya, sauti ya National iwe nusu, nyingine apandishe kwenye spika. Mzee anapata kaseti zake zikipigwa kwenye mbao.

Mwana_wa_Mto

Fundi wewe ni mtu mbaya. Mbona hukusema mapema?

Tundu lipo, nalikumbuka, tulikuwa tunaliziba kwa njiti. Nampigia dada.

Kobe_Mwepesi

Siku ya nne leo, mleta uzi kapotea. Au mzee kakataa?

Mwana_wa_Mto

MREJESHO WA PILI. Samahanini, nilisafiri.

Dada alikwenda Pangani kuomba redio. Mzee hakutaka kuitoa. Mwishowe alikubali kwa sharti, anakwenda nayo yeye mwenyewe. Akapanda basi mpaka Tanga kaipakata, wakaenda kwa fundi mmoja Ngamiani, naye mtu mzima, kofia na miwani ya kamba. Dada anasema mzee alikaa kwenye kigoda pale mbele ya meza tangu saa tatu mpaka adhuhuri, hakuondoa macho. Fundi alipofungua, mpira ulikuwa umeyeyuka umekuwa kama lami, akaukwangua kwa njiti ya kiberiti. Akaweka wa mashine nyingine wenye ukubwa ule ule. Antena ni hivyo hivyo Fundi alivyosema, waya ulikatika chini. Kazi yote 15,000.

Chuma_Chakavu

Subiri. Kwa hiyo redio imepona kwa 15,000. Na hiyo laki na nusu ya Kariakoo ilikuwa ya nini?

Mwana_wa_Mto

Mkuu, hilo swali mke wangu kaniuliza pia, kwa maneno makali zaidi.

Basi Jumamosi nikashuka Pangani na boksi. Nikaziweka spika juu ya meza mbili ndogo, usawa wa masikio yake akiwa kwenye kiti chake, nikaziepusha na kona. Waya wa antena sentimita 75 ukutani. Rangi ya kucha nikaazima kwa binti wa jirani. Saa mbili usiku ilipogonga nikazungusha kifundo. Mzee alisikiliza taarifa nzima mikono yake yote miwili ikiwa magotini, hajui aiweke wapi. Ilipoisha akasema, "Huyu kijana mpya anatamka vizuri." Basi. Hiyo ndiyo asante niliyopata.

Nikaunganisha National. Nikamwambia baba chagua kaseti. Nilidhani atachukua Marijani. Akachimba mpaka chini ya boksi, akatoa moja haina jalada, imeandikwa kwa peni "Maskati 1983". Akaipangusa kidogo kwenye shati, akaiweka.

Wakuu, ni sauti ya baba yangu mkubwa. Alikwenda Oman kabla sijazaliwa, amefia huko, mimi sikuwahi kumwona. Enzi hizo simu ghali, barua zinachukua mwezi, walikuwa wanarekodi salamu kwenye kaseti na kumpa msafiri. Dakika 30 upande wa kwanza ni salamu tupu, anataja mtu mmoja mmoja: mwambie fulani, mwambie mama fulani, yule wa karibu na kisima. Nyuma unasikia feni na vikombe. Upande wa pili anasema, "Na hii redio nimempa huyu anayekuletea kaseti, usimwachie mtu akuchezee."

Sikujua. Miaka yote hiyo sikujua redio ilitoka wapi.

Bint_Vuga

Kwetu zilikuwepo kaseti kama hizo, bibi alirekodi juu yake hotuba. Irekodini hiyo kwenye simu leo leo, toa kwenye tundu la hedifoni, usisubiri. Mkanda wa 1983 unaweza kukatika wakati wowote.

Fundi_Koili

Na mvunje vile vijino viwili vya juu ya kaseti ili isiweze kurekodiwa tena kwa bahati mbaya.

Mwana_wa_Mto

Nimeshavunja, na nimesharekodi, dada na wadogo zangu wameshatumiwa. Lakini imezuka kesi.

Karibu na mwisho wa upande wa pili ba'mkubwa anasema, "Baiskeli yangu mpe Hamisi, usiniangushe." Mzee alipofika hapo akabonyeza STOP. Akakohoa. Nikamuuliza, ulimpa? Akasema tule kwanza.

mama_Zai

Hamisi yupo?

Mwana_wa_Mto

Yupo, ni binamu yao, anakaa Bweni, kila Ijumaa anavuka na kivuko kuja kuswali na mzee. Wamekaa pamoja barazani zaidi ya miaka 40.

Chuma_Chakavu

Baiskeli ilikuwa aina gani?

Mwana_wa_Mto

Raleigh. Ipo stoo, imetundikwa kwenye boriti, haina tairi. Leo asubuhi mzee kanipigia kuniuliza tairi za namba ile Kariakoo zinauzwaje.